Seti ya soketi na spana za mkono kwa kazi za Lamu: ninunue chapa gani?

MwanaLangoni

Assalam aleikum ndugu zangu. Mwisho wa wiki hii ninatarajia kushuka Mombasa, na nimeazimia kurudi na seti moja ya soketi pamoja na spana, koleo na bisibisi za chapa ya kuaminika, kwa sababu nimechoka kuazima zana za watu na kuzirejesha kwa maneno. Nimeulizia hapa mjini nikatajiwa Stanley, King Tony, Ingco, Total na Bahco, na kila aliyenisifia moja alizikashifu zilizobaki. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze ipi ni bora kati ya hizo. Shukrani.

Fundi_Mokowe

Wa aleikum salaam. Ndugu, hukutueleza unafungua nini. Anayetengeneza pikipiki huku Mokowe, anayetunza jenereta Shela na anayeshughulika na mashine ya boti hawahitaji seti ya aina moja. Tufahamishe kwanza ni chombo gani, nati zake ni za milimita au za inchi, umetenga kiasi gani cha fedha, na zana zenyewe zitalala ndani ya nyumba au ndani ya boti. Bila hayo, kila mtu hapa atakutajia ile aliyonayo kwenye sanduku lake.

TukTuk_Malindi

Wakati tunamsubiri ajibu, mimi nitataja iliyo kwenye sanduku langu bila kuona haya. Ninafungua tuktuk na magari madogo hapa Malindi tangu asubuhi hadi magharibi, na zana za Taiwan, hasa King Tony, ndizo ninazozipendekeza kwa mtu asiyeweza kumudu bei za Ujerumani. Chuma chake ni kromu-vanadiamu, soketi zake zinakaa sawasawa juu ya nati bila kucheza, na racheti ninayoitumia, yaani mkono wa kuzungushia soketi, ina meno 72, maana yake inashika kila baada ya digrii 5 tu, ilhali racheti ya meno 24 inadai nafasi ya digrii 15 kabla haijashika tena. Kwa anayeingiza mkono kati ya injini na ukuta wa bodi, hiyo ni tofauti kati ya kufungua nati na kuitazama.

Jambo la pili, lililo muhimu kuliko chapa: chukua soketi za pembe sita, usichukue za pembe kumi na mbili. Ya pembe sita huibana nati kwenye mbavu zake, ilhali ya pembe kumi na mbili huegemea karibu na ncha, na nati iliyokwisha kuliwa na kutu husagika hapo hapo.

MzeeMatondoni

Nimesoma maneno ya kijana wa Malindi, nami sina ugomvi na Taiwan, lakini asimfundishe mwenzake kuzitupa pembe kumi na mbili. Spana ya ringi yenye pembe kumi na mbili hukaa juu ya nati kila digrii 30, na mahali pafinyu ambapo ya pembe sita inataka digrii 60, hiyo ndiyo itakayokutoa. Karibu spana zote za ringi zilizopinda shingo zimetengenezwa kwa pembe kumi na mbili, na watengenezaji wake si wajinga.

Kuhusu chapa, mwanangu, mimi ninazo Gedore za Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1919, na nilizinunua kuukuu, moja moja, kutoka kwa mabaharia na kwenye mitumba ya Mombasa. Usinunue seti. Katika seti ya vipande mia moja, thelathini hutavigusa maisha yako yote, na vile unavyovihitaji kila siku ndivyo vitakavyopotea mwanzo.

MwanaLangoni

Ninawashukuru nyote. Ni kweli sikueleza. Kazi yenyewe ni ya boti ya abiria yenye mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40, na pia ipo mashine ndogo ya dizeli katika jahazi la ami yangu ambayo huwa ninamsaidia. Zana zitakuwa ndani ya boti muda mwingi.

Fundi_Mokowe

Sasa tunaanza kuelewana, ingawa bado hujataja fedha, wala hujasema hiyo dizeli ni ya kampuni gani. Kwa upande wa Yamaha, mashine za Kijapani hupenda vichwa vya bolti vya milimita 10, 12, 14 na 17. Usichukue seti iliyorukaruka ikakupa 13, 16 na 18 za mashine za Ulaya huku 12 au 14 haimo, na jambo hilo hutokea katika seti ndogo za bei nafuu. Hakikisha pia ipo soketi ndefu ya plagi. Ikiwa plagi yako ni NGK B7HS, utahitaji ile ya 13/16, yaani milimita 20.8, ambayo madukani mara nyingi huuzwa kama 21.

Kwa dizeli ya ami, tazama jina la mashine. Ikiwa ni Yanmar, endelea na milimita. Ikiwa ni Lister ya zamani kutoka Uingereza, huenda ukakutana na nati za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, na hapo seti yako mpya haitakufaa kitu.

MzeeMatondoni

Amesema kweli kuhusu Whitworth, na nitaongeza kwa kuwa vijana wengi hawaijui. Namba iliyochongwa kwenye spana ya Whitworth ni unene wa bolti, si upana wa kichwa chake. Kwa hiyo spana iliyoandikwa 3/8 ya Whitworth hushika nati yenye upana wa takriban milimita 18, ilhali 3/8 ya inchi za kawaida ni milimita 9.5 tu. Nimewaona watu wakirudisha dukani spana nzima wakidhani imechongwa vibaya.

BintiMambrui

Ninaomba kupinga kidogo. Ninasimamia pampu za maji na jenereta katika shamba letu huku Mambrui, na kwa maoni yangu mnampeleka kaka huyu kwenye gharama isiyo na sababu. Zana zinazokaa ndani ya boti huishia baharini. Soketi ya 10 ikimponyoka mkononi, bahari haitauliza kama imetoka Ujerumani au China. Mimi ninatumia Ingco, na kabla yake nilitumia Total, na kwa mtu anayefungua nati mara chache kwa mwezi zinatosha kabisa. Kilichonivunjikia ni bisibisi moja, nayo niliitumia kama tindo, kwa hiyo siilaumu kampuni. Fedha zinazobaki anunue grisi nzuri na sanduku linalofunga vizuri.

TukTuk_Malindi

Dada, pampu ya shamba si mashine ya boti. Nati ya shambani ina vumbi, nati ya baharini ina chumvi. Anayefungua bolti ya chuma cha pua iliyoingia ndani ya alumini baada ya mwaka mzima wa maji ya chumvi anahitaji soketi isiyopanuka hata kidogo, kwa sababu atapata nafasi moja tu ya kuifungua vizuri.

NahodhaKiwayu

Nimekuwa nikisoma tu, lakini hapa ninalazimika kueleza yaliyonipata, maana yanahusu hasa hilo la nafasi moja.

Nilinunua seti kubwa Mombasa, ndani ya sanduku la plastiki lenye jina maarufu ambalo sitalitaja, kwa kuwa ninaamini kampuni yenyewe haikuhusika na ule ulikuwa mzigo wa bandia. Bei ilikuwa nusu ya bei ya duka la jirani, na muuzaji alinieleza kwamba yeye huagiza moja kwa moja. Nyumbani niliikagua, ikang'aa kama fedha. Miezi ya kaskazi ikapita bila ya kazi kubwa, nikaridhika.

Siku moja nilipokuwa nikitoka Lamu na mzigo wa duka kuelekea Kizingitini, mashine ilianza kupata moto na maji ya kupoza yakapungua hadi yakawa matone. Niliifikisha ufukweni kwa mwendo wa polepole, nikajua kwamba ni impela, yaani gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, na impela mpya nilikuwa nayo. Kazi hiyo inataka kuushusha mguu wa chini wa mashine, ambao unashikiliwa na bolti chache tu. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili iligoma, nikaongeza nguvu, na soketi ikapasuka ubavuni kutoka juu hadi chini. Nikachukua inayoifuata kwa ukubwa nikiibana kwa kipande cha bati, na racheti nayo ikaruka meno ndani, ikawa inazunguka pande zote mbili bila kushika. Mtu mmoja wa pale akaniletea spana malaya, nayo ikamalizia kukisaga kile kichwa cha bolti kikawa duara. Tukajaribu koleo, tukajaribu tindo na nyundo, na jua likatua. Mzigo wa watu ukashushwa kwa boti nyingine kwa gharama yangu, nami nikavutwa hadi Lamu, ambako fundi aliipasha moto ile bolti, ikakatika, akaitoboa na kuchonga uzi mpya.

Baadaye niliichunguza seti ile kwa utulivu. Jina la kampuni halikuwa limechongwa ndani ya chuma bali limepakwa juu, na lilifutika kwa kucha. Vipimo vingine havikuandikwa kabisa. Ile soketi iliyopasuka ilikuwa na ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na ngozi yake ya kromu ilibanduka kama magamba. Niliirudisha kwa muuzaji akanionyesha maandishi ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa haipokewi. Tunayo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu mwaka 2008, lakini mwenye mashine iliyokufa hana muda wa kufuatilia ofisi.

Fundi_Mokowe

Pole sana, nahodha. Kisa chako kinaonyesha pia jambo ambalo halitokani na ubandia: bolti iliyogoma haifunguliwi kwa racheti, hata ikiwa ya Snap-on. Inafunguliwa kwa mkono mrefu usio na racheti, na ikishalegea ndipo racheti inapowekwa. Meno 72 anayoyasifia ndugu yetu wa Malindi ni madogo kuliko meno 24, na racheti hudumu ikiwa haikufanywa mtaimbo.

TukTuk_Malindi

Sikusema aitumie kama mtaimbo. Nilisema ni nzuri mahali pafinyu. Na kama ni suala la nguvu, basi anunue zile soketi nyeusi nene za kromu-molibdenamu, zilizotengenezwa kwa mashine za upepo. Hazipasuki kirahisi kama za kung'aa, ambazo ni ngumu zaidi lakini hazivumilii kishindo.

BintiMambrui

Nyeusi ndani ya boti? Hizo hazina nikeli wala kromu juu yake. Ziache wiki moja kwenye unyevunyevu wa kusi bila mafuta na utazikuta nyekundu.

Fundi_Mokowe

Nyote wawili mna haki. Hata ya kromu, ngozi ikishabanduka, chumvi huingia chini yake na kutu hutambaa. Zana za baharini zinaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zinakaushwa na kupakwa oili, ziwe nyeusi au nyeupe, na asiyeweza kufanya hivyo atanunua seti mpya kila baada ya misimu michache, hata akianza na Gedore ya Mzee.

MwanaLangoni

Nimepata elimu kubwa. Nilisahau kueleza kwamba nimetenga shilingi elfu kumi na nane, na koleo na bisibisi zimo humo humo. Je, kuna faida gani kuchagua chapa yenye dhamana ya maisha? Duka moja limenitajia Stanley kwa sababu hiyo.

MzeeMatondoni

Dhamana ni neno zuri kwa mkaazi wa jirani na duka. Ukivunja soketi Faza, nauli ya kuirudisha Mombasa inazidi thamani yake. Na hata Stanley, ambayo ni kampuni ya tangu 1843, hutengeneza bidhaa zake katika nchi mbalimbali na kwa madaraja mbalimbali. Ishike mkononi, usiridhike na jina.

Kwa fedha hizo, mwanangu, chukua soketi za 10, 12, 14 na 17 za Taiwan, za mraba wa nusu inchi (tundu linalopokea racheti), na mkono mrefu mmoja. Koleo na bisibisi ziwe za bei ya kawaida.

TukTuk_Malindi

Nusu inchi kwa bolti ya kichwa cha 10 ni kubwa mno, Mzee, ataikata. Mashine ya 40 inafunguliwa kwa 3/8 karibu yote, na nusu inchi ibaki kwa dizeli.

MzeeMatondoni

Anayekata bolti ni mkono, si mraba. Nimefunga bolti ndogo kwa nusu inchi miaka mingi.

TukTuk_Malindi

Kwa mkono wako wa miaka mingi, ndiyo. Huyu anaanza. Mimi ningemshauri hata atafute spana ya kupimia nguvu ya kukazia. Plagi ya uzi wa milimita 14 haihitaji zaidi ya nyutoni-mita 25 hivi, na kichwa cha injini kina uzi wa alumini usiosamehe.

Fundi_Mokowe

Katika elfu kumi na nane? Spana hiyo haipendi chumvi, haitumiwi kufungulia, na ni lazima irudishwe kwenye kipimo cha chini kabisa kila inapowekwa, la sivyo springi yake hulegea na itakudanganya. Kuiweka ndani ya boti ni kuipoteza. Aazime ya karakana siku anapofungua kichwa cha injini.

BintiMambrui

Yaani tumerudi kwenye kuazima.

MwanaLangoni

Nitaondoka Ijumaa baada ya sala. Nitaulizia bei ya King Tony ya 3/8 na ya Ingco pale Mwembe Tayari, na nitazishika zote mkononi. Ami anasema mashine yake ina kibati cha jina lakini kimepakwa rangi, na leo hayupo mjini. Je, kuna mtu anayejua kama soketi ya 19 itaingia kwenye nati zake za kichwa, ama nibebe pia za inchi?

NahodhaKiwayu

Kwangua rangi kwanza.