Manasi Joshi alikuwa bingwa wa dunia 2019, kwa nini hakuwepo Tokyo?

DadaMkubwa_Moro

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada, najua hapa kuna watu wa michezo na watu wa afya.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Mwezi wa tatu alikuwa kwenye bodaboda anatoka chuo, wakagongwa na fuso. Dereva alitoka na michubuko, yeye akakatwa mguu wa kushoto, juu ya goti. Shuleni alikuwa anacheza badminton, huu mpira wa vinyoya, na raketi yake bado ipo nyuma ya mlango wa chumbani, hatujaigusa.

Tangu arudi nyumbani haongei sana. Juzi usiku nikamkuta anaangalia video ya dada mmoja wa India, Manasi Joshi, anacheza na mguu wa bandia. Ikiisha anairudisha mwanzo. Nikakaa naye, hatukusemezana, tukaangalia hadi bando likakata.

Baadaye nikaanza kusoma habari zake. Naona alikuwa bingwa wa dunia 2019, lakini Paralimpiki ya Tokyo jina lake silioni. Aliumia? Aliachwa? Na mtu aliyekatwa juu ya goti kweli anaweza kukimbia vile, au yule ana mguu wa gharama ambao sisi hatutaufikia? Nauliza kwa sababu sitaki kumpa mdogo wangu tumaini la uongo.

Fundi_Miguu

Dada, poleni sana, na huyo mdogo wetu mfikishie salamu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Nilisomea Moshi, huu ni mwaka wa 17 mikono yangu iko kwenye plasta. Manasi nimemfuatilia tangu 2019. Wenzangu wakitazama badminton wanaangalia raketi, mimi naangalia soketi, pale mguu wa bandia unapopokea kigutu. Ndipo kila kitu kinapoamuliwa.

Nianze na Tokyo, maana hapo panauma.

Wachezaji wa badminton wenye ulemavu hupangwa kwa madaraja. WH1 na WH2 wanatumia viti vya magurudumu. SL3 na SL4 wana ulemavu wa miguu na wanacheza wamesimama, SL3 ndio walioathirika zaidi. SU5 ni wa mikono, SH6 ni wafupi wa kimo. Manasi ni SL3. Mdogo wako naye kwa kawaida angeangukia humo, ingawa mwenye kauli ya mwisho ni wapimaji wa mashindano.

SL3 wakicheza mmoja kwa mmoja hutumia nusu ya uwanja, umegawanywa kwa urefu, kwa hiyo unakuwa mwembamba na mrefu. Usidhani ni nafuu. Mpinzani hana haja ya kukuhangaisha kulia na kushoto, anakuvuta kwenye wavu kwa kinyoya kifupi, halafu anakitupa nyuma ya kichwa chako. Kurudi kinyumenyume kwa mguu wa bandia ni kazi nzito, goti la bandia halikusukumi hata kidogo, nyonga ndiyo inabeba yote. Mtazame Manasi nyonga, utaelewa ninachosema.

Badminton ilikubaliwa kuingia Paralimpiki mwaka 2014, ianzie Tokyo, na medali zikagawanywa katika mashindano 14. Wanaume wa SL3 walipewa nafasi ya mmoja mmoja, na ndiko Pramod Bhagat wa India alikochukua dhahabu Septemba 2021 kwa kumfunga Daniel Bethell wa Uingereza 21-14, 21-17. Wanawake wa SL3 hawakupewa. Basi. Hakuumia, wala hakushuka kiwango. Shindano lake halikuwepo kwenye ratiba.

Wanawake wa SL3 walibakiwa na kucheza wawili wawili, pamoja na madaraja mengine. Kwa upande wa wanawake, India ikampeleka Parul Parmar na binti mdogo Palak Kohli. Sasa huyu Parul, naye ni SL3, ndiye yuleyule ambaye Manasi alimfunga kwenye fainali ya dunia ya 2019. Na kwenye mmoja mmoja, akiwa na miaka 48, Parul akaingia kucheza na SL4, uwanja mzima, mbele ya Cheng Hefang wa China ambaye ndiye aliyeondoka na dhahabu. Alifungwa vibaya. Siwezi kumlaumu hata kidogo. Mwanamke aliyeujenga mchezo huu India kwa miaka yote ile ilibidi aingie kwenye daraja lisilo lake ili tu acheze.

Kuhusu safari ya Manasi. Kwao ni Mumbai, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa nyuklia cha Bhabha, na raketi alianza kushika utotoni akicheza na huyo baba. Akasomea uhandisi wa elektroniki, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta. Desemba 2011, akiwa na miaka 22, anaenda kazini na skuta, lori likamgonga. Mguu wa kushoto. Sawa na mdogo wako.

Mwaka uliofuata alikuwa ameshacheza tena, mashindano ya wafanyakazi tu. Mwaka 2015 Uingereza, kule Stoke Mandeville, akapata medali ya fedha ya dunia katika mchanganyiko wa mwanamke na mwanaume. 2017 shaba, Ulsan, Korea Kusini. 2018 shaba tena, Michezo ya Asia ya wenye ulemavu, Jakarta. Mwaka huohuo akahamia chuo cha badminton cha Pullela Gopichand, Hyderabad, ambako kuna makocha wa wachezaji wakubwa wa India. Halafu ikaja Basel, Uswisi, Agosti 2019. Parul Parmar alikuwa ndiye bingwa mtetezi. Manasi akashinda 21-12, 21-7.

Video anayoirudia mdogo wako huenda ni hiyo. Kama ndiyo, mwambie atazame seti ya pili. Manasi anacheza bila haraka, anamwachia mwenzake vinyoya vya nyuma, kisha anaweka kimoja kifupi kabisa karibu na wavu.

Siku zilezile, mji uleule, P.V. Sindhu, Mhindi mwenzake asiye na ulemavu, naye akachukua ubingwa wa dunia kwa 21-7, 21-7. India nzima ikamshangilia Sindhu, alistahili. Habari ya Manasi watu wengi waliipata baadaye.

Kuhusu mguu nitarudi usiku, kuna mgonjwa ananisubiri.

Lugogo_Boy

Niongezee kidogo, mimi niko Kampala. Huku kwetu hufanyika Uganda Para-Badminton International, na Wahindi huja wengi. Novemba 2021 mimi nilikuwa mmoja wa vijana wa kujitolea, kazi yangu kubeba maboksi ya vinyoya na kupangusa jasho sakafuni. Wiki hiyohiyo, tarehe 16, mabomu yalilipuka mjini. Timu ya India ilikuwa hapahapa, wakasalimika wote, na mashindano yakaendelea.

Dada, nakupa nilichokiona kwa macho. Mapumziko kati ya seti, mchezaji mmoja mwanamke akakaa kwenye kiti cha plastiki, akabonyeza kitufe pembeni ya mguu, akauvua. Akageuza ule mguu juu chini, jasho likamwagika kama mtu anamwaga maji ya kikombe. Akachukua taulo, akafuta ndani, akajifuta na yeye, akavaa soksi kavu, akasukuma mguu hadi ukalia ta-ta-ta, akasimama. Hakuna aliyegeuka kumshangaa. Kocha wake alikuwa anamwelekeza muda wote huo, naye anaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nashangaa peke yangu, siku ya kwanza. Ya pili nikawa nawaletea mataulo.

Fundi_Miguu

Asante sana Lugogo. Hiyo ta-ta-ta ni pini inaingia kwenye kufuli chini ya soketi. Umeisimulia vizuri kuliko ninavyowafundisha wanafunzi wangu.

Dada, uliuliza kama ni mguu wa gharama. Wachezaji wa ngazi ile wana miguu mizuri, sikufichi, na huo mguu wa uwanjani wengi hawautumii kwendea sokoni. Lakini mguu wa bei kubwa kwenye kigutu kilichoharibika haufanyi kazi, na mguu wa kawaida uliokaa sawasawa unampeleka mtu mbali. Hilo nimelijifunza kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, nikiwa hospitali moja ya mkoa, aliletwa kijana, fundi gereji, amekatwa juu ya goti, wiki ya sita. Alinisihi nimpe mguu haraka arudi kazini. Nilimwonea huruma, nikampima. Kigutu kilikuwa bado kimevimba, na mimi nilijua. Wiki tatu baadaye akarudi anachechemea. Nilipovua soketi nikakuta amejaza vipande vya kanga ndani, vitatu, vimekunjwa vizuri, kwa sababu kigutu kilisinyaa na mguu ukawa unacheza. Chini ya kanga kulikuwa na kidonda upana wa shilingi mia. Hakunilaumu, alisema alidhani ndivyo miguu ilivyo. Tukasubiri miezi mingine minne kipone, na hiyo miezi minne nilimnyima mimi.

Kwa hiyo kwa mdogo wetu, sasa hivi, kabla hata ya mguu:

Afunge bandeji ya kuvutika kwenye kigutu kila siku, ibane zaidi chini na ilegee kuelekea juu. Akifungua aoshe ngozi kwa maji na sabuni, akaushe vizuri. Asiweke mto chini ya kigutu hata kama anapata raha, nyonga itajikunja na ikikaza hivyo, mguu wowote utakaomvisha utakuwa unamwinamisha mbele. Alale kifudifudi, mara kadhaa kwa siku, robo saa hadi nusu saa. Najua wanachukia. Lakini kumbuka nilichosema juu ya nyonga ya Manasi. Nyonga iliyojikunja hairudi nyuma ya uwanja. Na yote haya mfanye kwa kuelekezwa na mtu wa fiziotherapia wa hapo mlipo, amwone kigutu kwa macho.

Jambo moja nilitaka kukuuliza: anashika raketi kwa mkono gani? Mchezaji wa mkono wa kulia akiwahi kinyoya cha mbele, mguu unaotangulia ni wa kulia. Kama ni wa kulia, basi mguu wake mzima ndio utakaokanyaga na kumsukuma kurudi. Hapo ana pa kuanzia.

Mzee_wa_Takwimu

Nina swali kwa Fundi, kwa heshima. Paris 2024 hilo shindano la wanawake SL3 liliwekwa. Manasi alikwenda, akatolewa hatua ya makundi. Je, si kweli kwamba wenzake walimpita tu? Tusimpe binti mgonjwa picha ya nusu.

Fundi_Miguu

Ni kweli, mzee wangu, na asante kwa kuliweka wazi. Alipoteza kwa Qonitah Ikhtiar Syakuroh wa Indonesia na kwa Oksana Kozyna wa Ukraine. Wenzake walimpita.

Lakini hesabu miaka. Basel alikuwa na 30. Paris alikuwa na 35, na 2022 katikati hapo alishika namba moja ya dunia. Shindano lake lilipofunguliwa, miaka yake bora ilikuwa imeshatumika kwenye mashindano ambayo hayaonyeshwi kwenye televisheni za watu. Mchezaji akishindwa uwanjani nakubali, ndio mchezo. Kutopewa uwanja nashindwa kulikubali.

Na tazama nani alifaidika na mlango ulipofunguliwa. Dhahabu Xiao Zuxian wa China, fedha huyo Qonitah, na shaba Mariam Eniola Bolaji wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kupata medali ya badminton kwenye Olimpiki au Paralimpiki. Bolaji alimfunga Kozyna kuipata. SL3, daraja lilelile ambalo Tokyo halikuwepo. Ningeomba binti amtafute na huyo kwenye simu.

DadaMkubwa_Moro

Nimewasomea wote, yeye amekaa pembeni anasikiliza. Fundi, ni wa mkono wa kulia.

Ya kifudifudi alianza jana. Nilimtandikia mkeka barazani, nikamwekea saa ya simu dakika 15, akalalamika dakika tano za kwanza, halafu akaomba nimtafutie mechi ya huyo Bolaji. Saa ikalia hakusikia.

Leo asubuhi ameniuliza swali ambalo sina jibu lake: wavu wa SL3 ni mfupi kuliko wa kawaida?

Fundi_Miguu

Hapana, ni uleule. Mita 1.55 kwenye nguzo, katikati unashuka hadi 1.524. Kama mna kamba ya kuanikia nguo, pimeni kimo hicho muifunge tena. Kutoka kwenye kamba hadi mstari wa nyuma ni mita 6.7, chora kwa chaki au kwa majivu.

Kwa sasa acheze amekaa kwenye kiti kisicho na magurudumu, wewe umrushie kwa mkono, mkono wake tu urudi kwenye mchezo. Kiti kiegemezwe ukutani kisiteleze. Na ile raketi nyuma ya mlango, angalieni kwanza nyuzi kama hazijalegea.

DadaMkubwa_Moro

Mbili zimekatika. Amenituma mjini.