Hepesi aina ya 2 (HSV-2) imesoma 1.62 na sijawahi kupata dalili: je, hii ni chanya ya kweli?

Mtafutaji aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba msaada wa kusoma karatasi ya majibu ambayo imeninyima usingizi. Mimi na mchumba wangu tuliamua kupima magonjwa ya zinaa kabla ya ndoa, na mimi nikaomba hepesi nayo iongezwe, ingawa sijawahi kupata malengelenge wala kidonda sehemu za siri. Majibu yangu yameandikwa hivi: HSV-1 (hepesi aina ya 1) IgG 28.4, chanya (IgG ni kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazodumu kwenye damu), HSV-2 IgG 1.62, chanya, na mstari wa mwisho, HSV IgM (kingamwili zinazotokea mapema), nao ni chanya. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pana maelezo kwamba chini ya 0.90 ni hasi, kati ya 0.90 na 1.10 haijulikani, na zaidi ya 1.10 ni chanya. Mchumba wangu ametoka hasi kwa aina zote mbili.

Aliyenipa majibu alisema kwa kifupi kwamba nina hepesi ya sehemu za siri, kwamba IgM inaonyesha nimeambukizwa karibuni, kisha akaniandikia asikloviri, dawa ya kudhibiti hepesi. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu mimi na mchumba wangu hatujakutana kimwili, na uhusiano wangu wa awali ulikwisha zaidi ya miaka miwili iliyopita. Hayo maambukizi ya karibuni yametoka wapi? Na hiyo 28.4, iliyo kubwa kuliko zote, ndiyo mbaya zaidi?

Fundi_Maabara alijibu:

Dada Mtafutaji, pole sana. Kwenye karatasi hiyo, jambo pekee ambalo ningeliona limekaa sawa ni HSV-1. Mengine mawili bado hayajawa majibu.

Kwanza, namba hizo hazihesabu virusi wala hazipimi ukali wa ugonjwa. Seramu yako, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, hukutanishwa na protini ya kirusi. Kingamwili zikiinasa, hutokea rangi au mwanga ambao mashine huupima na kuulinganisha na sampuli ya mpaka. Kwa hiyo 1.62 maana yake ni kwamba mwitikio wa sampuli yako umeuzidi mpaka kidogo tu, na eneo hilo la juu kidogo ya mpaka ndilo lenye chanya nyingi za uongo kwa upande wa HSV-2, kwani kingamwili zisizohusika nazo huweza kuinasa protini hiyo. Mwongozo wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaelekeza kwamba HSV-2 iliyosoma chini ya 3.0 ithibitishwe kwa kipimo cha pili chenye mbinu tofauti kabla mtu hajaambiwa kuwa ameambukizwa. Mwongozo huohuo haupendekezi kuwapima damu kwa hepesi watu wote wasio na dalili, na sababu yake inaonekana kwa hesabu ndogo. Chukulia watu 1,000 ambao 50 kati yao wana virusi kweli, na kipimo kinachowanasa wote 50 lakini kinachokosea watu 5 katika kila 100 wasio navyo. Wale 950 waliobaki watatoa chanya za uongo zipatazo 47, yaani karibu nusu ya watakaoambiwa wanao hawanao.

IgM ningeiweka kando kabisa. Haitofautishi vizuri aina ya kwanza na ya pili, na inaweza kujitokeza tena virusi vya zamani vinapoamka, kwa hiyo haithibitishi kwamba maambukizi ni ya karibuni.

Ama HSV-1, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban theluthi mbili ya watu walio chini ya umri wa miaka 50 wanayo, wengi wao wakiwa wameipata mdomoni tangu utotoni. Kipimo cha damu hakisemi virusi vimekaa mdomoni au sehemu za siri.

Msomaji_Kimya alijibu:

Naona tunazunguka mbali. Kwa nini dada asirudie kipimo hichohicho baada ya miezi mitatu? Namba ikipanda ni kweli, ikibaki palepale ni uongo.

Fundi_Maabara alijibu:

Ndugu yangu, ushauri huo unamfaa mtu aliyekuwa hatarini wiki chache zilizopita, kwa kuwa kingamwili za IgG zinaweza kuchukua hadi wiki 12, na wakati mwingine zaidi, kufikia kiwango cha kupimika. Dada hapa amekwisha kupita miaka miwili. Kama jibu la kwanza lilikuwa kosa, kingamwili iliyolisababisha huenda bado iko kwenye damu yake, na kipimo kilekile kitaweza kukosea vilevile, akipata 1.5 au 1.9 atabaki na swali lilelile. Kinachohitajika ni mbinu nyingine. Inayoaminika zaidi ni Western blot ya Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, ambayo hutenganisha protini nyingi za virusi kwenye utepe na kuangalia ni zipi kingamwili zimezishika, badala ya kutegemea protini moja.

Muuguzi_Mstaafu alijibu:

Niongeze kidogo, mwanangu. Ikitokea siku moja ukaona kidonda au malengelenge, usisubiri yakauke: nenda siku hiyohiyo au inayofuata, uchukuliwe majimaji kwa kijiti cha pamba yapimwe kwa PCR, kwa sababu kipimo hicho hutambua virusi vyenyewe pamoja na aina yake. Bila kidonda, PCR iliyotoka hasi haikuondolei shaka. Kuhusu asikloviri, mtu asiye na dalili hana dharura ya kuimeza kwa jibu la 1.62, rudi kwa daktari na uliza moja kwa moja anatibu nini. Na hasi ya mchumba wako kwa HSV-1 usiitegemee sana, maana vipimo vya kawaida hukosa sehemu kubwa ya walio nayo.

Mtafutaji alijibu:

Ahsanteni sana, mama na ndugu zangu. Nimebakiwa na jambo moja: nimwambie mchumba wangu sasa, au nisubiri uthibitisho?

Muuguzi_Mstaafu alijibu:

Mimi ningemwambia sasa, kwa maneno yaliyo sahihi: kwamba kipimo kimeleta jibu lisiloeleweka na unatafuta la uhakika. Usiseme umeambukizwa, wala usiseme huna. Mpe karatasi yenyewe aone ile 1.62 na maelezo ya chini. Hata ikithibitika, zipo njia: mwenye HSV-2 akimeza valasikloviri (dawa ya jamii moja na asikloviri) kila siku hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa karibu nusu, na kondomu hupunguza zaidi, na hayo mtayapanga na daktari. Unapokwenda kuomba kipimo cha pili, uliza jina la mbinu itakayotumika, na wakikuambia ni ileile ya kwanza, waombe wapeleke sampuli yako kwingine.