Nisubiri pikapu ya umeme ya aina ya Toyota EPU, au nichukue dabo kebini ya dizeli sasa hivi?

Kipanga77
Wakuu, salaam. Pikapu yangu ya zamani imepata mnunuzi na anataka jibu wiki hii. Nikiiachia lazima nichukue nyingine. Tatizo ni macho. Tangu Toyota waionyeshe EPU pale Tokyo mwaka 2023, sijaona pikapu nyingine iliyokaa vizuri vile: pua fupi, taa nyembamba, magurudumu yamesukumwa hadi kwenye kona, hakuna plastiki za kujifanya jabali. Nimebaki na njia tatu. Nichukue dabo kebini ya dizeli, Hilux au Ranger. Nichukue haibridi ya kuchaji, yaani yenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchomeka kwenye umeme, BYD Shark. Au nijibane na magari ya kuazima mpaka EPU au inayofanana nayo iingie sokoni. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Naomba majibu ya haraka.

MzeeDifu
Mtoa mada, umeandika aya nzima ya pua na taa, hujaandika unabeba nini. Kilo ngapi? Unavuta tela? Kwa siku unakwenda kilometa ngapi, lami au vumbi? Mahali unapolaza gari pana umeme wa kuchajia? Bila hayo unatuomba tukuchagulie shati bila kutuambia shingo yako.

mchora_boneti
Mzee, mwache mtu apende kwanza. EPU ndiyo pikapu ambayo haijaribu kumtisha anayetembea kwa miguu. Siku hizi boneti za pikapu zinamfika mtu mzima kifuani, mtoto akipita mbele dereva hamwoni. EPU ina kimo cha meta 1.71 na urefu wa meta 5.07. Hakuna injini ya dizeli ya kufichwa mbele, kwa hiyo wachoraji wameishusha pua na kusogeza kioo mbele. Umbo limetokana na mashine iliyomo ndani, na kwangu huo ndio uchoraji.

Chuma_Chakavu
Ile si pikapu, ni gari la familia lililokatwa mgongo. Haina chesisi, ile fremu ya chuma ya chini! Bodi na sakafu ni kitu kimoja. Pakia saruji miezi sita halafu uje utuambie milango inafungaje.

DadaTorki
@Chuma_Chakavu, kila uzi wa pikapu unaleta saruji. Honda Ridgeline ipo tangu 2005, bodi na fremu ni kitu kimoja, na inavuta pauni 5,000, yaani tani mbili na robo. Haijapinda. Dabo kebini zenye chesisi ndizo tunazoona zimepinda mgongo, kwa sababu watu wanapanga mzigo wote nyuma ya ekseli, wanaongeza mipira ya hewa kwenye springi, halafu wanafungia tela zito. Chesisi inakuwa na sehemu moja tu ya kupokea nguvu yote, na hapo ndipo inapokunjika. Mipaka ya kitabu ipo kwa aina zote mbili.

Kinachonisumbua mimi kwenye EPU ni kingine na hamjakisema. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana meta 3.35. Hilux yote ina urefu wa meta 5.3 hivi, lakini kati ya ekseli zake ni meta 3.085. Yaani EPU ni fupi kwa jumla ila tumbo lake ni refu. Kwenye lami itatulia sana. Kwenye tuta kali au kingo ya mtaro itakaa na tumbo, na chini ya tumbo ndipo betri ilipo. Mtoa mada, hapo ndipo swali la lami au vumbi linapoingia.

Chuma_Chakavu
Kwa hiyo umekubali haifai vumbi. Asante.

DadaTorki
Sijakubali chochote. Vumbi si tuta. Soma tena.

Kipanga77
Asanteni. Kuhusu mzigo: nabeba vifaa vya kazi, wakati mwingine tela. Si mzigo mkubwa sana. Njia mchanganyiko.

MzeeDifu
"Si mkubwa sana" haipimwi kwenye mizani. Na la umeme umelikwepa.

Bati_Laini
Ngoja niseme kuhusu zile taa nyembamba maana hazijanitoka moyoni.

Niliwahi kuwa na pikapu, kampuni siitaji, iliyokuja na taa ya mstari mmoja kutoka kona hadi kona na vitasa vinavyojificha ndani ya mlango. Nilipoileta kila mtu alisimama kuitazama. Haikupita muda, lori la mbele likarusha jiwe, likaacha ufa kwenye kona ya kushoto ambao bila kuinama huuoni. Mvua zilipoanza unyevu ukaingia. Nusu ya mstari ikazima, halafu kompyuta ikaanza kulalamika kuhusu breki ya dharura. Kumbe rada nayo imefungwa nyuma ya kioo kilekile!

Gereji ya kampuni wakaniambia taa ile haifunguliki, imegundishwa kiwandani, inabadilishwa nzima. Ili itoke lazima bampa lishuke, na ikirudi rada ipimwe upya kwa mashine yao. Spea haikuwepo. Ilipofika ikawa ya gari la usukani wa kushoto, mwanga unaelekea upande wa wanaokuja. Ikarudishwa. Watu wa bima nao wakasema ufa wa jiwe ni uchakavu wa kawaida, si ajali. Gari likaendelea kulala uani kwao mpaka betri ndogo ya volti 12 ikafa, na vitasa vile havitoki bila umeme. Siku nimekwenda kuchukua karatasi zangu nikakuta mafundi wawili wanalizunguka gari wanatafuta tundu la ufunguo, na tundu lenyewe limefichwa chini ya kifuniko ambacho hata wao hawakukijua. Niliwaonyesha mimi mwenye gari.

Nikaiuza kwa hasara. Sasa hivi nina pikapu yenye taa mbili za kawaida, balbu ikiungua nabadilisha mwenyewe kando ya barabara. Mtoa mada, kabla hujapenda mstari wa mwanga, uliza kioo chake kinauzwa peke yake au na ukoo wote.

Nyundo_na_Patasi
Pole sana Bati. Hilo la kitasa ndilo limeniua.

mchora_boneti
Pole kaka, lakini kosa hapo ni la waliofunga rada na taa kwenye boksi moja. Mchoro hauna hatia. Mstari wa mwanga unaweza kukatwa vipande vitatu ukaonekana mmoja. Isitoshe, konsepti, yaani gari la maonyesho, ikifika kiwandani taa ndizo za kwanza kunenepa, kisha vioo vinarudi, tairi zinapungua, vitasa vinatokeza nje.

Nyundo_na_Patasi
Hapo ndipo nataka mtoa mada asikilize. Gari la maonyesho si ahadi. Hyundai walionyesha Santa Cruz Januari 2015, ina milango ya nyuma inayofunguka kinyume, watu wakapagawa. Ya kuuzwa ilikuja 2021, milango minne ya kawaida. Miaka sita! Mercedes walionyesha X-Class mwaka 2016, moja iling'aa kama chombo cha anga; iliyouzwa ilikuwa Nissan Navara iliyovaa suti, na kufikia 2020 wakaifunga. Volkswagen Tarok ya 2018, yenye ukuta wa nyuma ya siti unaokunjwa ili mzigo mrefu uingie kebini, mimi bado sijaiona ikiuzwa. Halafu kuna konsepti za geresha: Mitsubishi XRT ilionyeshwa Machi 2023 imepakwa marangi, Julai mwaka huohuo ikatoka Triton ileile. Hiyo ilikuwa gari tayari, limevalishwa tu kwa ajili ya picha.

Swali ni EPU iko kundi gani. Imeonyeshwa 2023, tarehe ya kuuzwa hakuna. Wewe mnunuzi wako anataka jibu wiki hii.

Chuma_Chakavu
Na Cybertruck ya Tesla je? Ile ilitoka vilevile ilivyochorwa, na ndiyo mbaya kuliko zote.

mchora_boneti
Cybertruck haikutoka vilevile. Novemba 2019 waliahidi ianzie dola 39,900 na ya juu iende zaidi ya maili 500. Zilipoanza kukabidhiwa Novemba 2023 bei ilikuwa juu sana na gari limepungua urefu. Umbo tu ndilo lilibaki. Na umbo lile chanzo chake ni chuma: shiti nene isiyopenda kukunjwa kwa mkunjo laini. Unaweza kulichukia, lakini lina sababu.

Chuma_Chakavu
Sababu ya kioo "kisichovunjika" kuvunjika jukwaani mbele ya watu ni ipi?

mchora_boneti
Hahaha, hiyo sina.

Kibati_cha_Nyuma
Samahani kuingilia. EPU ina vioo vya pembeni au kamera? Nauliza kwa sababu nilipanda Lexus moja yenye skrini badala ya vioo na shingo ilikataa kabisa kuzoea.

DadaTorki
Kamera kwenye pikapu zina faida moja kubwa: tela pana halikufungi macho. Lakini macho ya mtu mzima yakitoka barabarani kwenda kwenye skrini iliyo karibu yanapaswa kujipanga upya, wakati kwenye kioo unatazama mbali kwa mbali. Mvaa miwani ya kusomea anateseka. Japani waliruhusu kamera mwaka 2016, Marekani bado sheria inadai kioo. Ndiyo maana konsepti nyingi zina vijiti vya kamera na ya kuuzwa inarudi na masikio.

Kibati_cha_Nyuma
Kumbe ni miwani. Asante dada.

MzeeDifu
Wakuu, tumefika kwenye macho na miwani, mtoa mada bado hajasema uzito wa tela.

Kipanga77
Sawa, sawa mzee. Tela lina jenereta na mashine ya kuchomelea, pamoja na lenyewe ni kama tani mbili. Navuta karibu kila wiki. Kuchaji: naishi ghorofa ya nne, gari linalala barabarani.

MzeeDifu
Haya! Kumbe!

Chuma_Chakavu
Dizeli. Uzi ufungwe.

DadaTorki
Usifungwe bado, tuweke hesabu mezani. Hilux mpya ya umeme, ile iliyoonyeshwa Novemba 2025, ina betri ya kWh 59.2, mwendo wa kilometa 240 hivi kwa kipimo cha maabara cha WLTP, mzigo kilo 715 na tela kilo 1,600. Tela lako limeshazidi kabla hujaweka hata bisibisi. Isuzu D-Max ya umeme ina kWh 66.9, inavuta tani 3.5 kwa karatasi, lakini mwendo wake ni kilometa 263 ikiwa tupu. Ukifunga tela refu linalokamata upepo, gari la umeme hupoteza karibu nusu ya mwendo. Halafu ufike nyumbani uteremshe waya kutoka ghorofa ya nne?

Shark inavuta tani 2.5, kwa hiyo tela linaingia. Ina injini ya lita 1.5 yenye turbo na betri ya kWh 29.58. Ila haibridi ya kuchaji isiyochajiwa ni gari la petroli linalobeba betri nzito bure. Faida yake kwako ni moja kubwa: umeme wa kutoa nje. Ukiwa na soketi nyuma ya gari, kazi ndogondogo jenereta huiwashi kabisa. Mashine yako ya kuchomelea inataka kilowati ngapi?

Nyundo_na_Patasi
Hilo la soketi ni zuri. Akiacha jenereta, tela linapungua uzito, labda hata tela lenyewe linaondoka.

Chuma_Chakavu
Na injini ikigoma unachomelea kwa umeme gani?

Kipanga77
Kilowati sikumbuki, nitaangalia kibandiko. Lakini wakuu, semeni ukweli, mmeitazama EPU kwa ubavuni? Ule mstari wa dirisha unavyoshuka nyuma?

mchora_boneti
Nimeutazama ndugu yangu. Nakuelewa.

MzeeDifu
Hawa wawili hawasaidiki.

Kibati_cha_Nyuma
Mimi napenda kinyume chake. Toyota hao hao walionyesha IMV 0 Thailand Desemba 2022, boksi tupu na bodi ya nyuma bapa yenye matundu ya kufungia chochote kwa bolti. Haikupita mwaka ikauzwa kama Hilux Champ, karibu vilevile. Ilikuwa haina urembo wa kupoteza. Mwaka 2025 wakaleta IMV Origin, hiyo ndiyo kichaa kabisa: wazo ni kulisafirisha gari halijakamilika, anayelipokea alimalizie mwenyewe anavyotaka.

mchora_boneti
IMV Origin ni mifupa yenye magurudumu. Utaisifia nini?

Kibati_cha_Nyuma
Kwamba fundi bati naye amepewa kalamu. Mtoa mada ni mchomeleaji! Angejitengenezea pua fupi anayoitaka.

Nyundo_na_Patasi
Na ukaguzi wa usalama nani anasaini? Nyuma sawa, funga boksi, funga kreni. Kebini ikichomelewa mtaani, ikigongwa inakunjikaje?

Chuma_Chakavu
Inakunjika kama za kiwandani zinavyokunjika. Bora yenye chesisi.

DadaTorki
Hapana. Kebini ya kiwandani ina sehemu zilizopangwa zikunjike na nyingine zisikunjike, chuma cha nguzo za milango si kile cha mlango. Ukichomelea vibaya nguzo ya kati unaua ugumu wake kwa joto. Hilo na chesisi havihusiani.

Kibati_cha_Nyuma
Basi kebini itoke kiwandani, nyuma tumalizie sisi. Champ tayari iko hivyo. Matundu yale ni ya bolti saizi gani, kuna anayejua?

Kipanga77
Champ ipo ya dabo kebini?

Kibati_cha_Nyuma
Mimi nimeziona za kebini moja tu.

Kipanga77
Mnunuzi amepiga simu tena. Nimemwambia kesho.