Mrejesho: bolti za keria zimekaa sawa

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini bolti za keria ya baiskeli yangu zinalegea na kuota kutu kila mara, nami hubeba samaki kutoka ufukweni hadi Malindi mjini alfajiri.

Mliniambia nipime kwanza. Matundu ya fremu ni ya M5, yaani ya bolti yenye unene wa milimita 5, na kutoka jino hadi jino ni milimita 0.8. Kumbe fundi mmoja alikuwa amelazimisha M6 upande wa kushoto, meno yakalika. Liliniuma, maana baiskeli ni ya marehemu baba. Ikabidi tundu hilo litiwe meno mapya ya M6. La kulia limebaki M5.

Bolti nilizoweka ni za chuma kisichoshika kutu, zimeandikwa A4 kichwani, ndiyo daraja la chuma hicho. Za A2 pia ni nzuri, ila maji ya chumvi yakichuruzika kutoka kwenye kreti kila siku, A4 ndiyo huvumilia zaidi.

Na aliyenionya kuhusu urefu, Mungu akubariki. Upande wa mnyororo, bolti ya milimita 20 ilitokeza kwa ndani ikawa inagusa mnyororo. Ukizungusha pedali unasikia tk, tk, tk. Nimeweka ya 16 na washa ya springi, ncha yake imeishia sawa na ukingo wa fremu. Nikapaka grisi kidogo kwenye meno, nikakaza.

Jana nilibeba kilo 22, na keria mwisho wake ni 25. Nilipofika sokoni nikaishika nikaitikisa kwa nguvu: kimya.