Mdogo wangu kaunganishwa kwenye kesi ya kula njama Moshi, wataithibitisha na nini?

Manka wa Pasua (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Naombeni wanaojua sheria wanisaidie, siasa tuiweke pembeni leo.

Mdogo wangu anaendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, anapaki Mbuyuni hapa Moshi. Mlinzi wa ghala moja alimpigia usiku ampelekee mzigo Himo, katoni za mafuta ya kula na mifuko ya sukari. Kufika Njia Panda, polisi wakawasimamisha, karatasi ya mzigo hakuna. Sasa wako wanne mahakamani: mlinzi, mtunza stoo, mwenye duka wa Himo aliyekuwa aupokee, na huyu wa kwangu. Shtaka la kwanza ni kula njama ya kutenda kosa, kifungu cha 384 cha Kanuni ya Adhabu. La pili ni wizi. Dhamana amepata.

Hakuna shahidi anayesema aliwaona wamekaa wanapanga. Mtunza stoo na huyo wa Himo hata hawafahamu, kawaonea mahabusu. Sasa njama inatoka wapi?

Kijana wa Soweto:
Poleni dada. Mwambie akiri, alipe faini, yaishe. Kesi hizi zinakula miaka.

Msomi wa Boma:
Kijana, unamshauri mtu akiri na hati ya mashtaka hujaiona? Kifungu hicho kinafika miaka 7 jela.

Dada Manka, njama ni makubaliano. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wanatakiwa kuonyesha kwamba watu wawili au zaidi walikubaliana kutenda kosa, na kwamba mdogo wako aliingia humo akijua kinachofanyika. Kikao si lazima. Wala si lazima wote wanne wafahamiane, mlinzi anaweza kuwa ndiye kiungo chao. Na kosa linakamilika pale pale wanapokubaliana, hata mzigo usipotoka getini.

Kwa kuwa wala njama hawaandikishani mkataba, mahakama mara nyingi inabaki na ushahidi wa mazingira: nani alimpigia nani, saa ngapi, hela ilitoka kwa nani, kila mmoja alifanya nini usiku ule. Ila hayo yote yakiunganishwa lazima yaelekeze kwenye hatia peke yake. Kama yanaelezeka pia kwa dereva aliyekodiwa akabeba, shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Kubeba bila kujua siyo njama.

Halafu kuna hoja wakili aishike mapema. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kosa likishatendeka, njama haitakiwi kushtakiwa sambamba na kosa hilo hilo. Shtaka la kwanza linaweza kuanguka kwa hoja hiyo tu. Lakini msichinje mbuzi bado. Wizi unabaki, na huko kuna nia ya pamoja ya kifungu cha 23, yaani walioshirikiana kwa lengo moja wanabebeshana kosa, na kuna suala la kukutwa na mali iliyotoka kuibwa. Aliyekutwa nayo anatakiwa atoe maelezo yanayoingia akilini.

Dereva Mstaafu:
Sheria siijui, barabara naijua. Alilipwa ngapi? Mbuyuni mpaka Himo kwa bei ya kila siku ni kazi. Kwa laki tatu, hata usipoambiwa umeshajua umebeba nini.

Manka wa Pasua:
Elfu sitini, ndiyo bei yake ya usiku kwa kila mteja. Thelathini mlinzi alimrushia kwa M-Pesa, meseji ipo. Nyingine apewe akishusha.

Dereva Mstaafu:
Basi hapo ana pa kusimamia. Tafuteni na wenzake wawili watatu wa pale kijiweni waje waseme bei ya usiku ni ngapi.

Msomi wa Boma:
Kweli kabisa. Ila msitegemee picha ya skrini. Simu yenyewe nadhani wanayo polisi, kwa hiyo wakili aombe taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama itataka kujua umetunzwaje na kama haukuchezewa.

Mama Rombo:
Kwani mwenye ghala hamumjui? Nendeni na wazee mkaongee naye. Na mwendesha mashtaka naye ni binadamu, hakatai chai.

Msomi wa Boma:
Mama, chai hiyo ina TAKUKURU ndani. Na mwenye ghala ni shahidi wa Jamhuri. Mkamfuate nyumbani muone dhamana inavyofutwa.

Manka wa Pasua:
Nimeongea na mdogo wangu tena jioni hii, nimezidi kuchanganyikiwa. Mlinzi alimtumia meseji: "Ukikaribia zima taa, usipige honi." Nikamuuliza, wewe hukushtuka? Anasema mlinzi alimwambia jirani analalamikia magari ya usiku. Halafu maelezo ya onyo ya mlinzi, yale aliyoandikisha polisi, yanamtaja, eti "alijua kila kitu". Na mdogo wangu alikamatwa saa nane usiku, maelezo yake yakachukuliwa kesho yake jioni, akasaini.

Msomi wa Boma:
Sasa ndiyo tumefika kwenye kesi yenyewe. Honi na taa Jamhuri watazing'ang'ania, maana ndiyo kitu pekee kinachogusa alichokijua. Hiyo habari ya jirani wakili aisikie leo, na akitaka aende akaangalie kama jirani yupo kweli na kama huwa analalamika. Ikisikika kwa mara ya kwanza siku ya utetezi itaonekana imetungwa.

Maneno ya mlinzi yasiwatishe sana. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maungamo ya mshtakiwa mmoja yazingatiwe dhidi ya mwenzake, lakini hatia haiwezi kusimama juu ya hayo peke yake. Lazima kitu kingine kiyaunge mkono.

Kuhusu maelezo ya mdogo wako mwenyewe: muda wa kisheria wa kuyachukua ni ndani ya masaa manne tangu akamatwe, isipokuwa umeongezwa kwa utaratibu. Pingamizi litolewe kabla hakimu hajayapokea kuwa kielelezo. Yakishapokelewa, kuyatoa ni kazi nyingine.

Na siku ya usikilizwaji wa awali awe makini. Watamsomea maelezo ya kesi aseme yapi ni ya kweli. "Nilibeba mzigo kwa gari langu" akubali. Wakisoma "alibeba mzigo wa wizi kutoka ghalani kama walivyokubaliana", hiyo sentensi ina mambo matatu, asiimeze nzima. Akubali kubeba, mengine akatae.

Manka wa Pasua:
Asante sana kaka. Wakili bado hatuna, tunachangishana kwenye familia.

Msomi wa Boma:
Msisubiri mchango utimie. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Siku ya kutajwa kesi asimame amweleze hakimu kwamba hana uwezo wa kumlipa wakili, iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Lini inatajwa?

Manka wa Pasua:
Alhamisi.

Msomi wa Boma:
Basi aseme Alhamisi hiyo hiyo, kabla hawajaanza kusoma chochote.