Tupeane uzoefu: hadithi ya dini au ya kitabuni iliyokufanya ukubali hasara

Wakuu, salaam. Huku kwetu Moshi na Arusha hatuna upungufu wa mahubiri. Alfajiri adhana, asubuhi kengele, jioni spika za mkutano wa injili, na daladala karibu kila moja ina mstari kwenye kioo cha nyuma. Mimi naomba tuzungumzie kitu kimoja tu: ni lini hadithi ya kwenye Biblia, ya kwenye Qurani, au ya kitabu ulichosoma shuleni ilikufuata mpaka kwenye jambo lako, ukakubali kupoteza hela, rafiki au nafasi kwa sababu yake? Tusibishane dini ipi bora. Leta kisa chako.

Naanza mimi. Kwetu ni Old Moshi, na mnajua kihamba kwa Mchaga si shamba la kawaida, babu zetu wamelala humo. Ndugu yetu mmoja mwenye uwezo alikitaka kipande cha mjane wa marehemu baba mdogo, kile kinachopakana na barabara. Mama mdogo hakutaka kuuza. Kikaitishwa kikao cha ukoo, na muhtasari ukaja umeshaandikwa: ukoo umeridhia, mama ameridhia. Zilikuwa zinasubiriwa sahihi.

Kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu, 1 Wafalme 21, nimekisikia tangu shule ya Jumapili, na siku zote wabaya walikuwa wawili, Ahabu na tamaa yake, Yezebeli na hila zake. Siku ile mzee mmoja wa kanisa, mwana ukoo, aliomba asome kabla kalamu haijazunguka. Akaanzia mstari wa nane. Barua za Yezebeli hazikwenda kwa majambazi. Zilikwenda kwa wazee na wakubwa wa mji, watu waliokuwa wakikaa na Nabothi, na hao ndio waliomkalisha mbele ya watu, wakaweka mashahidi wawili wa uongo, mtu akapigwa mawe. Mfalme hakushika jiwe hata moja. Mzee akafunga Biblia, akasema, "Mimi siweki sahihi," akakaa. Nami nilikuwa nafuata kwenye orodha. Nikakataa, na wengine nyuma yangu wakakataa. Yule ndugu ndiye aliyekuwa amemwahidi kijana wangu kazi, na kazi hiyo ikaishia hapo. Ila mama mdogo yupo kwake, anakata ndizi zake na kukamua ng'ombe wake.

Mdau wa soko la Kilombero, Arusha

Mimi nauza maharage na mchele. Nilipoanza, jirani wa kizimba alinionyesha sado yake, lile kopo la kupimia, tako limegongwa likaingia ndani, ukiijaza inaonekana imejaa kumbe haijajaa. Alinifundisha kwa nia njema kabisa, kwamba bila hivyo hela ya kodi ya kizimba sitaiona. Nimesoma madrasa, Sura ya 83 tuliihifadhi wadogo: ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa wao hutaka kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Lakini kilichonishika zaidi ni hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akamwuliza, mbona hukukiweka kilicholoa juu watu wakakiona? Kisha akasema anayeghushi si katika sisi.

Sasa nani aniambie hilo si soko letu hili hili? Juu maharage yanang'aa, chini ya gunia yameanza kuvunda. Mimi nina sado nzima, na yaliyoloa nayaweka kwenye beseni lake kwa bei ya chini, mteja anayaona. Sado yangu inazidi ya majirani kwa bei, na mama ntilie niliokuwa nawategemea walihama. Mteja anasikia bei kwanza, ujazo anaugundua akifika nyumbani. Wapo waliorudi, wapo ambao hawakurudi.

Mwanzisha mada

Hilo beseni ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye uzi huu. Tumeambiwa sana tusidanganye, lakini ni wachache wanaokwambia yale yaliyoloa uyaweke wapi.

Mdau wa Majengo, Moshi

Hadithi haileti ada ya mtoto, mkuu. Ungeweka sahihi, mwanao angekuwa kazini.

Mwanzisha mada

Angekuwa kazini, ni kweli, na mjane angekuwa amepanga chumba mjini. Nimelipima hilo usiku mwingi na jibu langu halijabadilika. Kwa wenye suala kama letu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Mama zetu wafuatilie hati ya kimila kijijini mapema, wasingoje kikao.

Bodaboda, Moshi mjini

Kijiwe changu hakiko mbali na barabara ya KCMC. Hospitali ile ilifunguliwa 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na naamini nusu ya abiria ninaowapeleka pale hawalijui hilo. Mimi nililijua siku nilipombeba mzee aliyegongwa na gari likakimbia. Wenzangu walinikataza: utaambiwa wewe ndiye uliyegonga, utazungushwa na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Na kweli nilihojiwa mpaka jioni, pikipiki ikalala kituoni, hesabu ya bosi nikabaki nadaiwa.

Nikasoma Luka 10 mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mahubiri yote niliyosikia yanaishia pale Msamaria anapompandisha mtu kwenye mnyama wake. Kumbe kesho yake alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na akasema kikizidi nitalipa nikirudi. Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Yaani alitoa hesabu ya siku mbili kwa mtu asiyemjua, na akajifunga kurudi. Kumbeba mtu ni dakika chache, damu inakupa nguvu. Kurudi wodini kesho yake na chupa ya uji, huku unadaiwa, ndiyo ngumu. Nilirudi mpaka ndugu zake wakafika kutoka Same.

Dada wa Sakina, Arusha

Nakuja na upande mwingine, msinikasirikie. Kwenye kicheni pati yangu mama aliyealikwa kufunda alisoma Mithali 31, mke mwema anaamka kungali usiku, taa yake haizimiki. Vigelegele. Nikiwa nimekaa pale nimefunikwa kanga, nikafungua simu nikasoma mwanzo wa sura. Ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Mama anamfunda mtoto wa kiume! Anamwonya kuhusu ulevi, anamwambia amsemee asiyeweza kujisemea na awatetee maskini, ndipo anafika kwa mke. Na mke huyo, mstari wa 16, anaangalia shamba na kulinunua.

Nilimtumia mchumba sura nzima, tukaisoma pamoja. Nikamwambia duka langu la vitambaa litaendelea na kiwanja changu kitabaki kwa jina langu. Yeye alikubali. Shangazi zake hawakukubali, na harusini hawakuja. Mafundisho nayapenda, ila tusiwasomee mabinti nusu yake halafu wavulana tusiwasomee kabisa.

Mdau wa Machame

Katekisimo Ndogo ya Luther, amri ya nane. Kipaimara wengi tulikariri "usimshuhudie jirani yako uongo" na tukasahau maelezo yake, kwamba inakupasa umtetee na umnenee mema. Nilimtetea mtu kwenye kundi la ukoo, nikatolewa kwenye kundi.

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi

Mimi nawaletea kitabu cha Shaaban Robert, *Adili na Nduguze*. Kaka yangu aliuza ng'ombe wa mama kwa siri, nikaacha kusema naye. Darasani tukafika pale Adili anapowachapa wale manyani kila usiku, nao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu, waliomdhulumu wakageuzwa manyani, kisha anawalia na kuwalisha chakula kizuri. Mwanafunzi mmoja akauliza, kama anawapenda hivyo kwa nini anaendelea? Nikajibu ni amri ya Huria, yule jini. Akasema, kwa hiyo bila mfalme Rai kuingilia angewachapa mpaka afe?

Nilimaliza kipindi kwa shida. Jumamosi nikaenda kwa shangazi, nikamwomba awe kati yetu, maana mimi na kaka peke yetu tusingeweza. Kaka akaja na isale mkononi, lile jani la kuombea msamaha, na kwetu ukiletewa isale humrudishi mtu. Deni la ng'ombe nimelifuta, na lilikuwa deni kubwa kwa mshahara wangu. Kumwachia tena mali ya mama, bado, na hilo nimemwambia mbele ya shangazi.