Mchanga wa Paka Mchanga

Kikundi cha ukoo, Kibokoni. Ijumaa, baada ya Isha.

Salma: Asalaam aleikum wote, na Bibi shikamoo. Yule paka mchanga tuliyemwokota Jumanne chini ya ngazi, ambaye watoto wamekwisha kumpa jina la Bizari kwa sababu ya rangi yake, anakadiriwa kuwa na wiki sita, nami nilimnunulia mfuko wa mchanga wa paka, ule wa kutiwa katika trei anamojisaidia, katika duka ambalo sitalitaja. Muuzaji alinihakikishia kwamba michanga yote ni mamoja. Leo alasiri nimemkuta Bizari amekaa ndani ya trei, hafukui wala hajisaidii, bali anatafuna. Nilipomfungua kinywa niliona chembe za kijivu zimemganda ulimini na kwenye fizi kama unga wa ngano uliokandwa. Nimemsafisha kwa kitambaa chenye maji na sasa anacheza kama kawaida, lakini trei nimeiondoa mpaka nipate shauri lenu.

Bibi (anaandikiwa na Idi): Aleikum salaam, marahaba mwanangu. Katika nyumba hii wamezaliwa paka wasio na idadi, na hakuna hata mmoja aliyenunuliwa mchanga kwa pesa. Mama yangu alikuwa akitia majivu ya jikoni katika karai kuukuu, na yakikosekana majivu, mchanga wa pwani uko bure. Mwambie Idi akuletee ndoo moja kesho.

Hamida: Shikamoo Bibi. Salma, kabla hatujafika kwenye majivu, tazama nyuma ya mfuko kama wameandika kwamba mchanga huo hushikana ukilowa, au kama limetajwa neno bentonaiti. Kisha chukua kikombe cha kahawa, utie kijiko kimoja cha mchanga huo na maji kidogo, ukiache kwa dakika kumi bila kukikoroga.

Salma: Mfuko umeandikwa kwamba hushikana mara moja, tena wameyaandika hayo kwa fahari. Nakitafuta kikombe.

Salma: Nimerudi. Maji yote yamenywewa na mchanga umevimba mpaka nusu ya kikombe. Nimekipindua kikombe juu ya sahani na hakikutoka kitu, ikanibidi nikwangue kwa ncha ya kisu, na kilichotoka ni donge la kijivu linalonata vidoleni na lisilotaka kuoshwa kwa maji matupu. Mume wangu ameniuliza kama napika bokoboko la udongo.

Hamida: Hicho ulichokiona kikombeni ndicho kinachohofiwa tumboni. Bentonaiti ya sodiamu ni udongo unaovuta maji na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali, na sifa hiyo ndiyo inayompendeza mwenye paka mkubwa, kwa kuwa mkojo hugeuka donge analoliokota kwa kijiko na kulitupa. Paka mkubwa hali mchanga, ila atalamba chembe chache zilizomganda miguuni. Paka wa wiki sita huonja kila anachokutana nacho, kama mtoto anayetambaa, na utumbo wake ni mwembamba, kwa hiyo kiasi ambacho mkubwa angekipitisha bila habari kinaweza kumziba mdogo. Pale kliniki ninapofanya kazi tunawashauri watu wasitumie mchanga unaoshikana mpaka paka afikishe miezi minne, na hata hapo wamwangalie kwanza kama ameacha kutafuna. Ule mchanga wa paka wa chenga zinazong'aa kama kioo, wa silika, nao tunauzuia kwa umri huu.

Salma: Na hizo chembe alizokwisha kumeza?

Hamida: Ikiwa ni chache zitapita. Mwangalie kwa siku mbili hizi: akitapika, akikataa kula, akinyong'onyea, tumbo likijaa na kuwa gumu, au akienda trei na kukamua bila kutoka kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Wala asinyweshwe mafuta ya mbarika. Najua kuna mtu humu alikuwa karibu kuyataja.

Khalati Zena: Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya sentensi. Nimeifuta.

Mjomba Athumani: Hili la majivu ya Bibi lina historia yake. Mwaka 1947, katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan huko Marekani, jirani mmoja alikwenda kwa kijana aitwaye Edward Lowe kuomba mchanga wa paka wake, kwa sababu mchanga wake ulikuwa umegandishwa na baridi na majivu aliyokuwa akiyatumia yalimwachia alama za nyayo nyumba nzima. Lowe, ambaye familia yake iliuza vitu vya kunyonya mafuta na maji viwandani, alimpa punje za udongo mkavu, na kutokana na mfuko huo ikazuka biashara nzima ya mchanga wa paka. Udongo wake wa mwanzo haukuwa wa kushikana. Huu wa kushikana ulikuja katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mama yake Bibi na yule jirani wa Michigan walikuwa wakitumia kitu kimoja, kila mmoja upande wake wa dunia.

Bibi (anaandikiwa na Idi): Sema kwamba sisi hatukuletewa udongo wa kuuziwa, kwa kuwa mchanga wetu haugandi baridi.

Hamida: Bibi, majivu makavu hayana neno kubwa zaidi ya vumbi lake, lakini yakilowa mkojo hutoa magadi yanayochoma. Paka akishayakanyaga atajilamba nyayo, na magadi yataishia ulimini mwake. Paka wenu wa zamani walikuwa wakitoka uani na kurudi wapendavyo, ilhali Bizari yumo ndani ya fleti na trei ndiyo choo chake pekee. Mchanga wa pwani nao una unyevu na chumvi, na sehemu zinakopita paka wa mtaani huwa na mabuu ya minyoo ya safura ya paka, ambayo huweza hata kuingia katika ngozi ya mtu aliyekanyaga pekupeku na kumwachia mchirizi mwekundu unaowasha. Sitaki Idi aichote ndoo hiyo.

Ami Seif: Salma mwanangu, karakana yangu imejaa unga wa mbao na maranda, na hulipa watu waje wayaondoe. Nikupelekee gunia?

Hamida: Shikamoo Ami, na ahsante, lakini niruhusu nikuulize kwanza: ni mbao za aina gani zilizopita wiki hii?

Ami Seif: Marahaba. Mvule wa milango miwili, msandarusi kidogo, mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, na zile mbao za kubandikwa kwa gundi za makabati ya jikoni.

Hamida: Basi hapo hakuna hata moja ninayoweza kumpa paka. Dawa ya mchwa na gundi zinajieleza zenyewe, na unga wa mvule huwawasha hata mafundi puani na machoni, sembuse mnyama anayeishi sentimita kumi kutoka chini. Mti wenye harufu kali ya utomvu nao una mafuta ya jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuyavunja mafuta hayo kama letu. Mbao zinazofaa ni zile zilizokaushwa kwa moto mkali na kushindiliwa ziwe vidonge, kwa kuwa ukaushaji hupunguza mafuta hayo, na kidonge kikilowa humomonyoka kuwa unga badala ya kushikana.

Ami Seif: Nimefahamu. Hata mimi huvaa barakoa nikipasua mvule, basi sijui nilifikiri paka ana mapafu gani.

Bibi (anaandikiwa na Idi): Na makumbi? Makumbi hayana gundi wala dawa.

Hamida: Makumbi ni wazo zuri kuliko yote yaliyotajwa, Bibi, ila yana nyuzi ndefu, na uzi ukimezwa na paka mchanga huweza kuukunja utumbo kama kamba ya suruali. Tena mengi huwa yamefukiwa katika tope la bahari, yakatoka na chumvi yake. Akishakua tutayafikiria.

Khalati Zena: Sasa Hamida, umeyakataa ya jikoni, ya pwani, ya karakana na ya mnazi. Huyo mnyama ajisaidie wapi?

Hamida: Kwenye karatasi, Khalati. Vidonge vya karatasi huuzwa katika baadhi ya maduka ya wanyama, na visipopatikana, vitengeneze nyumbani. Salma achukue magazeti ya kawaida, si majarida yenye kurasa zinazong'aa, ayachane vipande vyembamba, ayaloweke katika maji ya moto yenye matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato mpaka yalainike kama uji mzito, ayasuuze, ayakamue kwa nguvu kama anavyokamua tui, kisha ayavunjevunje na kuyaanika juani. Kwa jua letu siku mbili zinatosha. Siku za masika ayaanike karibu na feni, kwa kuwa yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu. Akimeza kipande kimoja hakitavimba kama udongo ule. Kitu nisichoweza kuwaficha ni kwamba karatasi haizuii harufu vizuri, kwa hiyo trei yake itamwagwa yote na kutiwa mpya kila siku.

Salma: Trei yenyewe ina kingo ndefu kama beseni la kufulia. Leo amepanda kwa kujikokota tumbo.

Hamida: Ukingo wa upande mmoja uwe kama sentimita tano, na karatasi zijae kina cha vidole viwili tu. Iweke mbali na sahani yake ya chakula, mahali pasipopitwapitwa na watu. Usiifukize udi wala kuinyunyizia marashi kwa kutaka kuficha harufu, maana paka huikimbia trei inayonukia na kutafuta zulia.

Khalati Zena: Umetaja zulia nami nina neno. Paka mwenyewe si najisi, na hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Qatada kuhusu hilo inajulikana, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi, kwa hiyo trei isikae katika chumba cha kuswalia. Na kuoshwa, ioshwe kwa ile dawa ya kuua viini inayogeuka nyeupe ikitiwa maji.

Hamida: La kwanza nakubaliana nawe, Khalati. La pili hapana, kwa kuwa dawa ile ni ya jamii ya fenoli niliyoitaja kwa Ami Seif, na paka hujilamba kila alichokanyaga. Maji ya moto na sabuni isiyo na manukato yanatosha. Dawa ya klorini nayo isimwagwe juu ya mkojo, kwa sababu hutoa mvuke unaochoma kifua cha anayeosha.

Mwanajuma: Mimi nina mimba ya miezi mitano na huenda kwa Salma kila Jumapili. Je, nisiingie?

Hamida: Ingia na ule pilau, ila trei usiiguse. Baadhi ya paka, hasa wachanga, hutoa katika kinyesi vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambavyo havina uwezo wa kuambukiza mara vinapotoka, bali huupata baada ya siku moja hadi tano. Salma akiitoa choo kila siku, hatari nyingi huondoka, nawe unawe mikono kabla ya kula.

Mjomba Athumani: Nina magazeti ya Taifa Leo ya miezi mitatu chini ya kitanda. Idi apite kesho baada ya Alfajiri, ila aniachie yale niliyoyakunja pembe, sijamaliza kuyasoma.

Jumanne, saa tatu asubuhi.

Salma: Bizari anakula, anacheza, na choo chake hakina shida. Jana nilimweka kwenye trei mpya kila alipomaliza kula, nikamkwaruzia karatasi kwa ukucha wake mwenyewe, na mara ya nne akafukua, akajisaidia, akafunika. Mfuko wa udongo bado uko nyuma ya mlango, karibu umejaa. Kuna mwenye paka mkubwa?

Mama Rukia (jirani): Nina shume wa miaka minne asiyetafuna ila samaki. Namtuma mtoto aje auchukue.